Shangazi, bonasi ya kadi inanikimbia nikiwa safarini

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni muuguzi, naishi na kufanya kazi Marekani. Mwezi Mei niliomba kadi mpya ya mkopo inayotoa bonasi ya dola 300 ukitumia dola 3,000 ndani ya miezi mitatu. Benki ilinikubalia tarehe 9 Mei, na kadi ikanifikia kwa posta tarehe 20. Mkataba wangu wa kazi uliisha wakati huohuo na mpya unaanza katikati ya Agosti, kwa hiyo mwanzoni mwa Juni nilifunga safari na wenzangu wawili. Tumeanzia Ureno, sasa hivi ni mwanzo wa Julai na wiki hii tunaelekea Ujerumani. Nyumbani nitarudi 13 Agosti.

Nilijiambia safari yenyewe itamaliza hizo dola 3,000 bila shida. Nina daftari ambalo naandika kila ninapotumia kadi, na mpaka leo limefika dola 2,450. Humo kuna amana ya dola 400 ambazo hoteli ya hapa imezuia kwenye kadi, ada ya mwaka ya kadi dola 95, dola 200 nilizotoa ATM kwa sababu maduka madogo ya huku yanakataa kadi yangu, na dola 350 nilizomtumia mama kupitia programu ya kutuma pesa. Kuna pia dola 280 za nyumba ya wageni tuliyoifuta wakanirudishia. Yaliyobaki ni vyakula, treni, vyumba, na vitu nilivyonunua kabla ya kuondoka.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba kwenye taarifa ya kadi naona ada nisizozielewa. Kuna vimistari vya 3% vinavyofuatana na manunuzi ya huku, jumla vimefika kama dola 21. Halafu kuna ada moja ya dola 10 na nyingine ya dola 17.50. Hizi sikuzihesabu kwenye daftari. Mashine za madukani zikiniuliza nilipe kwa dola au kwa yuro, huwa nachagua dola ili hesabu ziwe rahisi.

Nimepanga kwamba nikirudi tarehe 13 nitakuwa bado na wiki nzima ya kuziba pengo kabla ya tarehe 20 Agosti. Mwenzangu mmoja ananishauri ninunue kadi za zawadi nimalize mapema. Mwingine anasema nilipie mimi bili zote za kikundi halafu wanirudishie. Nina kadi nyingine ya zamani isiyo na ada ya nje lakini nimeiweka pembeni kwa ajili ya bonasi hii. Bili zangu za nyumbani, yaani simu, umeme na intaneti, hukatwa moja kwa moja kwenye akaunti ya benki, kama dola 210 kwa jumla. Bima ya gari ya miezi sita, dola 780, inadaiwa mwisho wa Julai, na huwa nailipa kidogokidogo. Malazi ya wiki mbili za mwisho Ujerumani bado hatujalipia, fungu langu ni kama dola 620.

Shangazi, nitafika?

Msafiri wa Porto

*

Marahaba mwanangu,

Utafika, lakini si kwa njia uliyoipanga, na si kwa tarehe unayoifikiria. Nakuomba usome jibu hili lote leo, maana kuna mambo mawili yasiyoweza kungoja.

La kwanza ni tarehe. Benki huanza kuhesabu siku akaunti ilipofunguliwa, na hiyo kwa kawaida ndiyo siku waliyokukubalia. Siku ambazo kadi ilikuwa posta ni zako wewe, wao haziwahusu. Miezi yako mitatu basi inaisha 9 Agosti. Na kama masharti ya kadi yako yanasema siku 90 badala ya miezi mitatu, inaisha 7 Agosti. Kwa vyovyote utakuwa bado Ujerumani, na ile wiki uliyojiwekea ya kuziba pengo nyumbani haipo. Fungua programu ya benki yako sasa hivi, nenda kwenye ujumbe wa siri kwa huduma kwa wateja, uandike maswali mawili tu: mwisho wa bonasi yangu ni tarehe ngapi, na mpaka leo ni kiasi gani kimehesabiwa? Jibu likija, lihifadhi. Maandishi yana nguvu kuliko maneno ya simu, na ukiwa nchi nyingine hutaki kukaa nusu saa kwenye laini ukisikilizishwa muziki.

La pili ni zile ada mbili, ya dola 10 na ya dola 17.50. Dola 10 ni 5% ya dola 200 ulizotoa ATM. Dola 17.50 ni 5% ya dola 350 ulizomtumia mama. Hapo benki imekwambia yenyewe jinsi ilivyoziona pesa hizo: si manunuzi, ni mkopo wa taslimu. Hukufanya kosa la makusudi, programu nyingi za kutuma pesa zinapokea kadi ya mkopo bila kukuonya kwamba benki inaweza kuihesabu hivyo. Ila madhara yake ni matatu kwa mpigo. Unatozwa ada. Riba inaanza kukimbia siku ileile, bila ule muda wa bure unaopewa kwenye manunuzi. Na kwenye bonasi haihesabiwi hata senti.

Riba ya mkopo wa taslimu kwenye kadi za Marekani mara nyingi ni kubwa kuliko ya manunuzi. Ikiwa ni 29% kwa mwaka, hizo dola 550 zinakugharimu kama dola 13 kila mwezi. Usisubiri tarehe ya kulipa. Lipa leo, na ulipe zaidi ya kima cha chini ambacho benki inakutaka ulipe kila mwezi, kwa sababu sheria ya kadi ya Marekani ya mwaka 2009 inaitaka benki ipeleke kile kinachozidi kima cha chini kwenye deni lenye riba kubwa zaidi kwanza. Ukilipa kima cha chini peke yake, benki inaweza kukipeleka kwenye deni la riba ndogo, na ule mkopo wa taslimu ukabaki palepale ukinenepa.

Sasa tulipitie daftari lako. Amana ya hoteli, dola 400, ni pesa zilizozuiwa tu. Ukiondoka hotelini salama zitaachiwa, na hazitawahi kuwa manunuzi. Toa. Ada ya mwaka, dola 95, ni pesa yako iliyokwenda kwa benki, na ada hazihesabiwi. Toa. ATM, 200, na za mama, 350, tumeshaziona. Nyumba ya wageni mliyoifuta, dola 280, ilihesabiwa ulipolipa na ikatolewa uliporudishiwa, kwa kuwa benki huangalia manunuzi baada ya kuondoa marejesho. Jumla ya vya kutoa ni dola 1,325. Kilichobaki ni dola 1,125, na unachodaiwa na bonasi ni dola 1,875. Najua namba hiyo inauma ukilinganisha na 550 uliyokuwa unaiona kwenye daftari, lakini ni afadhali kuijua Julai kuliko kuijua baada ya Agosti 9.

Halafu vile vimistari vya 3%. Hiyo ni ada ya miamala ya nje. Kadi nyingi za Marekani, hasa zile ambazo hazikutengenezwa kwa wasafiri, hutoza karibu kiasi hicho kwa kila unachonunua kwa mfanyabiashara wa nchi nyingine. Ndiyo maana imekukata hata pale ulipochagua kulipa kwa dola: benki yako inaangalia duka liko wapi, haijali risiti imeandikwa sarafu gani.

Na hapo kwenye kuchagua dola umekuwa ukilipa mara mbili. Mashine ikikuuliza dola au yuro, swali hilo halitoki kwa benki yako. Linatoka kwa kampuni inayohudumia mashine ya duka, ambayo inajitolea kukubadilishia sarafu kwa bei yake yenyewe, na ndani ya bei hiyo imeficha faida ya asilimia kadhaa inayogawanwa na mwenye duka. Ukichagua yuro, kubadilisha kunafanyika kwa viwango vya Visa au Mastercard, ambavyo viko karibu sana na bei ya soko. Kwa hiyo kila mahali, dukani, hotelini, hata kwenye ATM, chagua sarafu ya nchi uliyopo. Mhudumu akikubonyezea dola bila kukuuliza, mwambie afute aanze upya. Una haki hiyo, wala usione haya na foleni nyuma yako.

Tuangalie bonasi yenyewe imebaki na thamani gani. Dola 300, toa 95 za ada ya mwaka, toa 27.50 za mkopo wa taslimu, toa 21 za vimistari. Umebakiwa na dola 156.50, kabla ya riba na kabla ya hasara ya kuchagua dola ambayo haionekani kwenye taarifa. Ukizitumia zile 1,875 zote huko Ujerumani kwa kadi hii, 3% yake ni dola 56 nyingine, unabaki na 100 hivi. Bado ni faida, sikatai. Lakini hebu fikiri: kadi uliyoiweka pembeni haina ada hiyo kabisa. Umekuwa ukitumia kadi mbaya kwa safari kwa sababu ya bonasi, wakati manunuzi yanayoifaa kadi hii yamelala nyumbani kwako yakikatwa kwenye akaunti ya benki.

Geuza mambo basi. Kadi ya zamani irudi mfukoni, ndiyo ya treni na migahawa. Kadi mpya ibebe vitu vinavyolipwa Marekani kwa dola.

Anza na bima ya gari. Ingia kwenye akaunti yako ya bima, badilisha kutoka malipo ya kidogokidogo uende kwenye malipo ya mkupuo, ulipe dola 780 zote kwa kadi mpya wiki hii bila kungoja mwisho wa Julai. Ni pesa ambayo ungeilipa hata kama bonasi isingekuwepo, na kampuni nyingi za bima hupunguza bei kidogo kwa anayelipa mara moja, kwa hiyo uliza. Sharti langu ni moja: uwe una hakika huhami kampuni hiyo miezi ya karibuni. Ukiivunja bima wakakurudishia salio, lile rejesho litapunguza hesabu, na likija baada ya bonasi kulipwa, benki inaweza kuidai bonasi yake.

Simu, umeme na intaneti, dola 210, hamishia kwenye kadi hii kwa bili za Julai. Angalia kabla ya kubonyeza, kwani baadhi ya kampuni za umeme hutoza ada kwa anayelipa kwa kadi. Ikiwa ni dola moja au mbili, lipa. Ikiwa ni asilimia tatu, hapo hujaokoa kitu, iache hiyo bili ilipwe benki kama kawaida.

Malazi ya Ujerumani, dola 620, yanahitaji uangalifu kidogo. Ukiyalipia ukifika, hoteli ya Ujerumani ndiyo itakayokukata na 3% itafuata. Ukiyalipia sasa, kwa dola, kupitia wakala wa Marekani ambaye yeye mwenyewe ndiye anayekata kadi, muamala unahesabika wa Marekani. Tazama ukurasa wa malipo umeandikwa nini: kuna vyumba vya kulipia sasa na vya kulipia hotelini, na bei zake hukaa jirani kabisa kwenye orodha. Linganisha pia bei ya jumla na ile ya hoteli yenyewe. Wakala akiwa ghali kwa zaidi ya 3%, amekula kile ulichotaka kukiokoa.

Bima 780, bili 210, malazi 620, jumla ni 1,610. Bado dola 265. Hizi ndizo nakuruhusu uzitumie huko huko, na hapa yule mwenzako wa pili ana wazo zuri. Lipia chakula au tiketi za treni za kikundi kwa kadi mpya, kwa yuro, nao wakupe mafungu yao taslimu. Hayo ni manunuzi halali kabisa, na 3% yake haifiki dola nane, ambazo mnaweza kugawana. Zaidi ya hayo, utapata noti za yuro mkononi bila kwenda ATM. Utazihitaji. Ureno maduka mengi madogo yanapokea kadi za mfumo wao wa Multibanco peke yake, ndiyo maana yako ilikataliwa, na Ujerumani utakutana na jambo hilohilo: mashine ipo juu ya kaunta, lakini inapokea girocard za Wajerumani tu, au hakuna mashine kabisa. Chukua pesa za wenzako kabla hujachanja kadi, si baada ya safari. Urafiki na madeni madogomadogo haviendi vizuri. Na siku ambayo noti zimekuishia, toa kwa kadi ya kawaida ya benki inayokata akaunti yako, kamwe si kwa kadi ya mkopo.

Kadi za zawadi sizitaki, na hapo namkatalia yule mwenzako wa kwanza bila kupepesa. Masharti ya American Express yanataja waziwazi kwamba kadi za zawadi, kadi za kulipia kabla, pesa zinazotumwa kwa mtu na vitu vingine vinavyofanana na taslimu havihesabiwi kwenye bonasi ya kukaribishwa. Benki nyingine haziandiki kwa ukali huo, lakini nazo zinajua kuangalia. Unaweza kujikuta na kadi za zawadi za dola mia kadhaa usizozihitaji, kutoka maduka ya nchi unayoondoka, na bonasi hujapewa.

Mwisho wako wa kweli uwe 31 Julai, si 7 wala 9 Agosti. Malipo ya nje huchukua siku kadhaa kukamilika, mengine hukaa kwenye hali ya kusubiri, na mengine hukamilika kwa kiasi tofauti na ulichokiona mwanzo. Nataka pia uvuke 3,000 kwa dola mia moja hivi, ili hata koti utakalolirudisha dukani lisikuangushe. Usihesabu tena kwa daftari. Hesabu kwa miamala iliyokamilika kwenye programu ya benki, toa ada, toa marejesho, hicho ndicho chako.

Kuna jambo dogo la simu ambalo linaweza kukwamisha yote. Ukilipa bima au malazi mtandaoni ukiwa nje, benki inaweza kushtuka na kutuma meseji ya namba ya uthibitisho kwenye namba yako ya Marekani. Kama umetoa laini hiyo ukaweka ya Ureno, meseji haitakufikia na malipo yatakataliwa. Irudishe laini yako kwenye simu kabla ya kuanza kulipa, hata kwa saa moja tu, au tumia eSIM, yaani laini ya kidijitali isiyo na kadi ya kuchomeka, kwa intaneti na uiache laini ya nyumbani mahali pake. Malipo yakikataliwa mara ya kwanza, usirudierudie, maana hapo ndipo kadi inapofungwa kabisa.

Na deni lenyewe, mwanangu, lilipwe lote kila taarifa inapotoka. Taarifa lazima itumwe kwako angalau siku 21 kabla ya tarehe ya kulipa, kwa hiyo muda unao, ila weka malipo ya moja kwa moja ya salio lote kabla hujapanda treni. Dola 2,000 zikilala kwenye kadi yenye riba ya 24% zinakula dola 40 kwa mwezi. Kama mkataba mpya unaanza katikati ya Agosti na huna pesa za kulipa bima ya mkupuo pamoja na malazi kabla mshahara haujaingia, niandikie tena kabla hujalipa, na nitakwambia uiache hiyo bonasi iende.

Hoteli ya Ujerumani nayo itakuomba kadi ya amana ukifika mapokezi. Wape ile ya zamani.

Shangazi